Jenereta ya Nchi ya Baridi

Saa saba na dakika 20 usiku wa kuamkia Jumatatu, Februari 15, 2021, ERCOT, shirika linaloendesha gridi ya sehemu kubwa ya jimbo la Texas, liliagiza kampuni za usambazaji zianze kuwakatia wateja umeme. Dhoruba ya theluji iliyoitwa Uri ilikuwa imeleta baridi ambayo jimbo hilo halikuizoea. Siku moja baadaye jiji la Dallas lilipima nyuzi 19 chini ya sifuri, kiwango ambacho halikuwa limekiona tangu 1949. Visima vya gesi viliganda, mitambo ya kufua umeme ikazimika mmoja baada ya mwingine, na saa hizohizo mamilioni ya nyumba yalikuwa yakivuta umeme kwa pupa ili kujipasha joto. Mapigo ya umeme, ambayo Marekani hutakiwa kubaki 60 kwa sekunde, yalishuka hadi 59.3. Wakuu wa gridi walieleza baadaye kwamba zilibaki dakika nne na sekunde 37 tu kabla mfumo mzima haujaanguka, na kuuinua upya kungeweza kuchukua majuma. Gridi ilinusurika, lakini nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikosa umeme. Mgao uliokusudiwa kuwa wa zamu fupifupi ukageuka giza la siku kadhaa kwa wengi. Gridi ya Texas imejitenga na gridi mbili kubwa za Marekani, kwa hiyo hata umeme wa kuazima kwa majirani ulikuwa mchache mno.

Serikali ya jimbo ilihesabu vifo 246. Karibu theluthi mbili ya waliokufa waliuawa na baridi yenyewe, baadhi yao wakiwa ndani ya nyumba zao. Wengine 19 walikufa kwa gesi ya kaboni monoksidi, sumu itokayo kwenye moto na injini, na waliokimbilia hospitali kwa sumu hiyohiyo walizidi 1,400. Watu walikuwa wamewasha magari kwenye mabanda yaliyoungana na nyumba, wameingiza majiko ya mkaa sebuleni, wameweka jenereta karibu na mlango. Waliitafuta njia ya kuishi hadi asubuhi, na njia ile ikawaua. Takwimu hizo mbili zisomwe pamoja. Jenereta katika nchi ya baridi hununuliwa kwa sababu ya joto, na hatari yake kubwa iko kwenye hewa. Anayeinunua akifikiria mwanga atakosea ukubwa wake, atakosea mahali pa kuiweka, na huenda akaikosesha familia yake kile alichotaka kuilinda nacho.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Texas ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yaliyopokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na jamii za Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania zimeota mizizi Louisville, Des Moines, Columbus, Portland ya Maine, hadi Montreal ng'ambo ya mpaka. Wengi wao hawahitaji kufundishwa jenereta ni nini. Waliishi nayo Goma, Bujumbura, Kampala au Dar es Salaam, wanajua kuvuta kamba, kusafisha plagi, kubadilisha oili. Lakini ujuzi huo ni wa nchi ya joto. Kwetu jenereta huwekwa barazani au uani, hatua chache tu kutoka mlangoni, na kinacholalamikiwa ni kelele. Moshi hauleti wasiwasi kwa sababu nyumba zetu nyingi zinapumua: madirisha yenye wavu, matofali yenye matundu, upenyo kati ya ukuta na paa. Umeme ukikatika tunapoteza taa, feni, friji na chaji ya simu, na ukiacha hospitali na wagonjwa wanaotegemea mashine, hakuna anayekufa usiku ule kwa kukosa hivyo. Nyumba ya Minnesota au Quebec imejengwa kwa nia tofauti kabisa. Madirisha yana vioo viwili, milango imezungushiwa mpira, kuta zimejazwa sufi ya kuzuia joto lisitoroke. Moshi unaoingia kwa ufa wa mlango haupati pa kutokea. Mtu anaweza kuiweka jenereta umbali uleule aliouzoea kwao, asikosee lolote kwa vipimo vya kwao, na asiamke.

Hata kwetu onyo hilo lipo, ila tumezoea kulihusisha na jiko la mkaa. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, ambako watu hufunga madirisha usiku, jiko lililoachwa chumbani limemaliza watu waliolala. Mkaa huohuo umedhuru watu hata Marekani: Desemba 2006 dhoruba ya upepo ilikata umeme kwa siku kadhaa katika eneo la Seattle, na zaidi ya watu 200 wakadhuriwa na kaboni monoksidi. Wahamiaji walikuwa wengi miongoni mwao, na chanzo kikubwa kilikuwa mkaa uliochomwa ndani. Gazeti la Seattle Times lilichapisha onyo kwenye ukurasa wake wa kwanza kwa lugha kadhaa, Kisomali kikiwemo. Wahariri wake walitambua kwamba taarifa za dharura za Kiingereza, zinazosomwa redioni wakati umeme haupo, haziwafikii walio hatarini zaidi.

Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia mapafuni hushika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei, hivyo damu huendelea kuzunguka bila kubeba kilichotakiwa. Mwanzo mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu, hutapika. Katikati ya majira ya baridi dalili hizo hudhaniwa kuwa mafua, na wenye nyumba hupanda kitandani kupumzika, jambo baya kuliko yote wanayoweza kufanya. Baadaye akili huchanganyikiwa, na aliyechanganyikiwa hawezi kujiokoa. Hata akitolewa nje, hewa ya kawaida huchukua saa nne hadi tano kupunguza sumu hiyo damuni kwa nusu, na ndiyo maana hospitali humpa oksijeni safi inayofupisha muda huo hadi karibu saa moja na nusu. Kuna dalili moja inayostahili kukaririwa na kila familia: ikiwa zaidi ya mtu mmoja nyumbani anaumwa kichwa kwa wakati mmoja, na mtoto au mzee amelegea kuliko wengine, tokeni nje kwanza kabla ya kuuliza ni nini.

Tume ya Usalama wa Bidhaa ya Marekani inasema jenereta moja ya kubebeka inaweza kutoa sumu hii sawa na mamia ya magari. Ushauri wake ni kwamba jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka nyumbani, bomba la moshi likielekezwa upande usio na nyumba, yako wala ya jirani. Banda la gari haliruhusiwi hata mlango ukiwa wazi kabisa. Chumba cha chini ya ardhi, kibaraza chenye paa na roshani ya ghorofa pia havifai. Mita sita ni hatua nane hivi za mtu mzima, na usiku wa theluji mtu huona ni mbali mno. Hapo ndipo hoja za kuisogeza huanza: italoa, itaibwa, waya haufiki. Hoja hizo ni za kweli na kila moja ina jibu lake. Theluji hukingwa na kibanda kilicho wazi pande zote, kilichotengenezwa mapema, si turubai la kuifunika mashine inayowaka. Wizi huzuiwa kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo. Waya ununuliwe siku ileile jenereta inaponunuliwa, uwe wa kutumika nje, mnene wa kubeba mzigo wa hita, kwa sababu ekstensheni nyembamba ya ndani hupata moto na kuwasha zulia. Na ndani ya nyumba, karibu na vyumba vya kulala, kiwepo king'ora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya jenereta, na ningemshauri mtu aanze kununua king'ora hata kama jenereta ataipata mwaka ujao. Siku hizi zipo pia jenereta zenye kihisi kinachozima injini sumu ikirundikana karibu nayo. Zinafaa kutafutwa, lakini kihisi kilicho nje hakijui kinachoendelea chumbani.

Tukishaiweka mahali salama, swali la pili ni iwashe nini. Hapa wauzaji huwasukuma watu kwenye mashine kubwa, na nadhani kwa familia nyingi wanakosea. Hita ndogo ya umeme hula wati 1,500. Friji ikishatulia hula wati 150 hadi 200, ingawa inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa nukta chache. Taa za kisasa ni wati 10 kila moja. Mashine ya oksijeni ya nyumbani ni wati 300 na zaidi kidogo. Nyumba inayopashwa joto na tanuri la gesi huhitaji umeme wa kuzungusha feni na kuwasha moto tu, wati 500 hadi 800, kwa hiyo jenereta ya wati 2,000 yaweza kuirudishia joto nyumba nzima. Nyumba yenye tanuri la umeme ni habari nyingine. Tanuri hilo laweza kudai kilowati 10 au 15, na Texas takriban nyumba tatu kati ya tano hujipasha joto kwa umeme. Anayeishi katika nyumba ya namna hiyo akitaka kuendelea kama kawaida atahitaji mtambo mkubwa. Akikubali kuishi chumba kimoja, familia yote ikalala humo, mapazia yamefungwa, blanketi limezibwa chini ya mlango na hita moja inawaka, jenereta ndogo itamvusha.

Mafuta ndiyo yanayoipa jenereta ndogo ushindi. Ikibeba mzigo mwepesi, jenereta ya wati 2,000 ya aina ya invata hutumia lita nne hivi kwa saa tano hadi nane. Ile ya wati 6,000 au 7,000 hula lita mbili hadi tatu kila saa, maana yake lita 50 au zaidi kwa usiku na mchana. Zidisha kwa siku nne. Petroli hiyo haikai ndani ya nyumba, na nje watu wengi hawana stoo salama ya madumu kumi. Wala haitapatikana dhoruba ikishaanza: barabara zina barafu, na pampu za kituo cha mafuta zinategemea umeme uleule uliokatika. Mwenye mashine kubwa mara nyingi huwa na usiku mmoja wa raha na siku tatu za kutafuta mafuta. Petroli iliyokaa miezi kadhaa nayo huharibika na kuziba kabureta, kwa hiyo iwekwe dawa ya kuihifadhi au izungushwe kwa kutiwa kwenye gari. Injini iwashwe kila mwezi kwa robo saa ikiwa na mzigo, na kabla ya baridi itiwe oili nyepesi isiyoganda. Kuongeza mafuta ni baada ya kuizima na kuiacha ipoe. Jenereta nyingi zinazogoma usiku wa dhoruba zilikuwa zimelala tangu dhoruba iliyopita.

Kosa la kiufundi linaloua watu wasiohusika ni kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani kwa waya wenye plagi ncha zote mbili. Wengi huliona kuwa ujanja. Umeme ule haubaki nyumbani. Unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaani, na transfoma inayoshusha umeme kwa upande mmoja huupandisha kwa upande wa pili, hadi volti elfu kadhaa. Fundi aliyepanda nguzo kuunganisha waya aliouzima mwenyewe hukutana na umeme ambao hakuutarajia. Umeme wa gridi ukirudi ghafla, jenereta inaweza kuungua pamoja na nyumba. Njia halali ni swichi ya kubadilishia, ambayo kwa mafundi wetu wa Nairobi na Dar es Salaam ni chenjiova: huitenga nyumba na gridi kabla jenereta haijapewa nafasi. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni, na ifanywe kiangazi. Asiye na uwezo wa kuilipia achomeke vifaa vyake moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nzito, basi.

Wapo watakaosema kwamba tabu hii yote huondolewa na mtambo wa kudumu uliojengewa nje ya nyumba, unaowaka wenyewe sekunde chache baada ya umeme kukatika na kutumia gesi ya bomba au tangi la propeni. Ni kweli kwamba ni bora kwa mwenye mgonjwa nyumbani au anayeishi mbali mashambani. Lakini pamoja na ufungaji wake gharama hufika maelfu mengi ya dola, na mtambo wa gesi ya bomba huihamisha imani yako kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Texas ilionyesha jinsi mitandao hiyo ilivyofungamana. Gesi ilipungua kwenye mitambo ya umeme kwa sababu visima viliganda, na kwa sababu baadhi ya vituo vya kusukuma gesi vilikatiwa umeme katika mgao uleule, kwa kuwa havikuwa vimeorodheshwa kuwa muhimu. Tangi lako la propeni uani lina uhakika zaidi, mradi lijazwe kabla ya Desemba.

Wengine watauliza kwa nini tuzungumzie injini za moshi ilhali kuna betri. Swali hilo lina uzito, na unaongezeka kila mwaka. Betri hukaa ndani bila sumu wala kelele, na kampuni ya umeme ya Green Mountain Power huko Vermont imekuwa ikiwawekea wateja wake betri majumbani. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya kawaida ya ukutani huhifadhi yuniti 13.5, na feni ya tanuri, friji na taa kadhaa zikivuta wastani wa wati 700, itadumu saa 19. Kukatika kwa usiku mmoja kunatoshelezwa kabisa. Kukatika kwa siku tano hakutoshelezwi, na paneli za jua zilizofunikwa na theluji hazitasaidia sana. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha takriban minara 1,000 ya chuma ya kusafirishia umeme huko Quebec, na baadhi ya watu walikaa gizani kwa majuma kadhaa. Kwa sasa betri na jenereta ndogo zinakamilishana: betri huuchukua usiku ili injini ipumzike watu wamelala, na injini huijaza mchana watu wako macho na wanaweza kuichunga.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kila familia ikijinunulia jenereta, serikali na kampuni za umeme zinasamehewa deni lao. Nakubaliana na hofu hiyo. Baada ya Uri bunge la Texas lilipitisha mwaka huohuo sheria ya kulazimisha mitambo ya umeme ikingwe dhidi ya baridi, na baridi kali ya Januari 2024 ilipita bila gridi kukatia watu umeme kwa mgao. Sheria hiyo iliwafikia wenye uwezo na wasio nao kwa pamoja, kitu ambacho maduka ya jenereta hayawezi. Bado haizuii tawi lenye barafu kuvunjikia waya wa mtaani, na mtu hawezi kumwambia mama mwenye mashine ya oksijeni asubiri siasa ikamilike. Mambo haya mawili, gridi imara na maandalizi ya nyumbani, yadaiwe kwa pamoja, na la kwanza lidaiwe kwa sauti kubwa zaidi.

Kuna kundi ambalo haya yote hayalihusu, na ndimo wanamoangukia wahamiaji wengi wapya: wapangaji wa ghorofa. Wao hawana uwanja wa mita sita. Kwao jenereta ni jibu lisilofaa, na anayewauzia anawadhulumu. Fedha hiyo inunue king'ora chenye betri, mifuko ya kulalia ya baridi kali, tochi, betri kubwa ya kuchajia simu, na chakula kisichohitaji kupikwa. Jiko la mkaa, na hata jiko la gesi la kambini, libaki nje. Namba ya dharura ni 911, na anayepiga akitaja Kiswahili hutafutiwa mkalimani pale huduma hiyo ilipo. Kabla ya dhoruba wajue kituo cha kuotea joto kilicho karibu, ambacho kwa kawaida ni shule, maktaba au kanisa lenye mtambo wake wa umeme, na wakubaliane na jirani mwenye gari nani atawapeleka. Waende mapema, barabara zingali zinapitika, bila kungoja hadi watoto waanze kutetemeka. Mwili ukishashuka chini ya nyuzi 35 mtu huanza kuzungumza kwa kukokota maneno na kusema hasikii tena baridi, na wazee hufika hapo kimyakimya katika chumba ambacho kijana anakiona kina ubaridi wa kawaida. Vyama vya Waswahili katika miji ya ughaibuni vina makundi ya WhatsApp yanayotangaza misiba na harusi kila wiki. Orodha ya vituo vya joto, majina ya wazee wanaoishi peke yao na onyo la mkaa vinatosha katika ujumbe mmoja, na Novemba ndiyo wakati wa kuutuma.